Makaratasi ya Wazee na Kalamu za Vijana

Nataka kuwaeleza wasomaji habari ya mashindano yaliyofanywa katika nchi ya Uholanzi, kisha nieleze jambo linalotuhusu sisi wenyewe na masanduku yaliyo chini ya vitanda vyetu. Huenda msomaji akastaajabu, akauliza: Mwalimu wa chuoni ana haja gani na nyumba ya makumbusho ya Amsterdam? Namwomba asubiri kidogo, maana haja ipo, tena ni kubwa.

Nyumba hiyo huitwa Rijksmuseum, na jengo lake lilifunguliwa mwaka 1885. Ndani yake mna vitu kama milioni moja, picha, vyombo, silaha, nguo, vitabu na makaratasi ya kila namna. Lakini vinavyowekwa mbele ya macho ya wageni kwa wakati mmoja ni kama 8,000 tu. Vilivyobaki vimo ghalani. Yaani katika kila vitu mia moja, tisini na tisa havionekani. Tena jengo kuu lenyewe lilifungwa kwa matengenezo tangu mwaka 2003 mpaka mwaka 2013. Mtoto aliyekuwa na miaka minane lilipofungwa, alikuwa kijana wa miaka kumi na minane lilipofunguliwa, na huyo alikwisha kulelewa na kioo cha simu.

Miongoni mwa picha zake mashuhuri iko moja iliyochorwa na Johannes Vermeer yapata mwaka 1660, ya mtumishi wa kike akimimina maziwa katika bakuli. Wakuu wa nyumba walipochungulia katika intaneti waliona nakala za picha hiyo zaidi ya 10,000, nyingi zao mbaya, zimegeuka rangi zikawa manjano. Watu walizizoea hizo za manjano, hata walipofika katika duka la makumbusho wakaona postikadi yenye rangi zake za haki, waliikataa, wakidhani kuwa hiyo ndiyo ya uongo. Habari hii ilielezwa katika risala iliyotolewa mwaka 2011, nami nimewahadithia wanafunzi wangu mara nyingi. Mwenye kitu akikifungia, watu hawaachi kukitaka, bali hutosheka na kilichoharibika, na mwisho hukiona kilichoharibika ndicho cha asili. Mzazi yeyote aliyemsikia mwanawe akipokea dini kwa mtu asiyemjua, katika simu, usiku wa manane, anaelewa nisemavyo.

Basi mwaka 2012 wakafungua mlango katika intaneti wakauita Rijksstudio, wakaweka picha safi za vitu 125,000, kila mtu azichukue bure, azikate, azichape, hata aziuze juu ya vitu alivyovitengeneza mwenyewe. Idadi hiyo imezidi sana tangu hapo. Lakini kufungua mlango si kuleta watu. Mwaka 2014 wakafanya mashindano: mtu yeyote, mwanafunzi au fundi, mwenye jina au asiye na jina, achague kitu katika ghala hilo, na kwa kukitazama abuni kitu kipya, iwe nguo, au chombo, au pambo, au chochote kile. Waamuzi wangechagua, na mshindi wa kwanza angepata yuro 10,000. Baadaye mashindano hayo yakarudiwa zaidi ya mara moja.

Fedha hizo ni nyingi, lakini sidhani kwamba fedha ndizo zilizofanya kazi. Kilichofanya kazi ni sharti. Kijana hawezi kubuni kitu kutokana na bakuli la kale mpaka alitazame lile bakuli, ajue ukingo wake umepindwaje, na maua yake yanaanzia wapi na kwisha wapi. Ukimwambia mtoto, nenda katazame mali za wazee, atakwenda, atazunguka robo saa, atatoka. Ukimwambia, nenda uchague moja, kisha uniletee ulichokitoa ndani yake, atakaa mpaka mlinzi amtoe.

Iko sehemu moja ya habari hii ambayo Mwislamu hawezi kuimeza bila kuitafuna. Mmoja wa wakuu wa nyumba hiyo, Taco Dibbits, ambaye mwaka 2016 alifanywa mkurugenzi mkuu, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba watu wakitaka kuiweka picha ya Vermeer hata juu ya karatasi ya chooni, yeye aona heri waweke iliyo nzuri kuliko iliyo mbaya. Kwa picha ya maziwa, hilo ni shauri lao. Lakini vitu vya kale vya Waislamu kwa wingi ni maandishi, na katika maandishi hayo hukosi jina la Mwenyezi Mungu. Barua ya biashara ya nazi huanza kwa Bismillahi. Hati ya kuuzia shamba hutaja mashahidi na mwisho huomba dua. Hatuna ruhusa ya kuliweka jina hilo juu ya kiatu, wala kitambaa cha kufutia meza, wala mfuko utakaotupwa jaani kesho yake. Kwa hiyo tukiyaiga mashindano haya, hatuyaigi yote. Pambo la pambizoni, yaani maua na mistari na mafundo, lichukuliwe na kuwekwa popote penye heshima. Khati yenye jina tukufu ibaki katika karatasi itakayotunzwa. Ama picha za viumbe wenye roho, khilafu ya wanazuoni juu yake inajulikana, na sisi hatukuwa na haja nazo.

Sasa tujiulize, sisi watu wa pwani tuna ghala gani? Tunayo, tena si moja. Zanzibar, huko Kilimani, ziko Nyaraka za Taifa, na mkusanyo wake wa vitabu na miswada ya Kiarabu uliingizwa mwaka 2003 katika daftari la UNESCO la Kumbukumbu ya Dunia. Lamu uko Msikiti wa Riyadha, wa Habib Swaleh, na vitabu vyake vya mkono vimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Dar es Salaam, katika maktaba ya Chuo Kikuu, imo miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda za sauti, ambayo orodha yake ilitengenezwa na J. W. T. Allen ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, yenye mapambo ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano, imesafiri mpaka Los Angeles, katika makumbusho ya Fowler. Na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yangalikuwa yamepotea mengi kama si Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, aliyeyakusanya kutoka vifuani mwa wazee na kumpa Mwingereza W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor yako London, katika chuo cha SOAS. Mara nyingi husikia watu wakilalamika kwamba Wazungu wamechukua vitabu vyetu. Malalamiko yana haki yake. Lakini nawauliza walalamikao: vile ambavyo havikuchukuliwa viko wapi?

Hapa ndipo panaponiuma. Mzee akifa, warithi hufungua sanduku. Huona makaratasi yenye herufi za Kiarabu, yameliwa na mende pembeni. Hawajui yanasema nini. Na kwa kuwa ni watu wenye kumcha Mungu, huyadhania yote kuwa ni Qur'ani, wakayafunga katika kitambaa cheupe wakayazika, au wakayachoma na majivu wakayamwaga baharini. Nia yao ni njema kabisa, na hiyo ndiyo adabu ya msahafu uliochakaa. Lakini pamoja na juzuu iliyochakaa huzikwa wasia, hati za wakfu, barua za mabaharia, dawa za miti, nasaba za ukoo, na tenzi ambazo hapana nakala yake nyingine duniani. Moto hauna haja ya adui wa Uislamu. Waumini wenyewe huuwasha, kwa wudhu.

Mtu atauliza, je, watoto wetu hawakusoma chuoni? Wamesoma. Wanaisoma Qur'ani yenye irabu kamili, wanahitimu, tunawapikia pilau. Lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo hawawezi kukisoma, kwa sababu ni elimu nyingine. Herufi za Kiarabu hazina pe, wala ve, wala che. Wazee waliandika ba mahali pa pe, na fa mahali pa ve. Irabu ya e na ya i ni moja, kasra. Ya o na ya u ni moja, dhumma. Tena sauti ya mb mara nyingi iliandikwa kwa ba peke yake. Hata neno pembe na neno bibi huweza kuandikwa sawasawa, na msomaji hupambanua kwa maana ya maneno yaliyotangulia. Mwalimu Sikujua alijaribu kuweka alama za kuzitofautisha sauti hizi, lakini mwandishi wa kawaida hakuzifuata. Mwenye kusoma makaratasi haya ni lazima akijue Kiswahili cha wazee kabla hajaiona herufi. Ndiyo maana nasema kwamba kijana peke yake hawezi, na mzee peke yake, ambaye macho yamepungua, hawezi.

Mwaka jana, katika Mfunguo Mosi, sisi tulifanya mashindano madogo chuoni kwetu kwa wanafunzi wakubwa, wavulana na wasichana. Masharti yalikuwa haya. Kila mmoja alete maandishi ya wazee kutoka nyumbani kwake, kwa idhini ya mwenyewe; asiyekuwa nayo tungempa picha iliyochapwa ya ukurasa wa vitabu vya Riyadha. Ayasome, kwa msaada wa mzee yeyote atakayempata. Kisha achore bango la kuwaita vijana wenzake waje kuyatazama makaratasi kama hayo, lenye maneno yasiyozidi kumi, ya Kiswahili chake mwenyewe. Na kabla waamuzi hawajatazama bango, mwanafunzi asome karatasi yake mbele ya watu. Waamuzi tulikuwa watatu: fundi mmoja mzee wa khati, mama mmoja afundishaye kuchora katika shule ya serikali, na mimi. Zawadi ya kwanza ilikuwa kalamu za mwanzi, wino na daftari zuri. Hatukuwa na yuro.

Siku ya kwanza wengi walirudi mikono mitupu. Mabibi walikataa. Wengine waliogopa mkono wa mtoto, wengine waliogopa siri za ukoo, na baadhi, nadhani, waliogopa kuulizwa yaliyomo wakaonekana hawajui. Ilitubidi twende nyumba kwa nyumba, tukae, tunywe kahawa, tuahidi kwamba karatasi haitalala nje ya nyumba hata usiku mmoja. Atakayefanya mashindano kama haya aanzie hapo, kwa mabibi, asianzie kwa watoto.

Mvulana mmoja alileta karatasi iliyokuwa imebandikwa juu ya mlango wa nyumba yao tangu zama za babu yake, ikitegemewa kuwazuia wezi. Alikaa na mzee jioni tatu mpaka ikasomeka. Ilikuwa ni orodha ya watu waliokopa mchele kwa pishi, na kiasi alichobakiza kila mmoja. Mama yake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo maana wezi hawakuja, waliogopa kudaiwa." Tulicheka sote. Lakini mle ndani mna majina ya watu wa mtaa ambao makaburi yao hayana jiwe, na bei ya mchele katika mwaka wa njaa, na mkono wa mtu aliyejua hesabu. Kijana akalichora bango lake kwa pishi moja kubwa iliyojaa herufi badala ya mchele.

Msichana wa miaka kumi na minne alikuja na furushi lililokuwa limekwisha fungwa kitambaa cheupe. Mjomba wake alikuwa ameweka Ijumaa ile kwenda kulizika. Aliniuliza, "Maalim, hii si Qur'ani?" Nikamwambia, "Soma, mwanangu." Akaanza kwa kigugumizi. Juu palikuwa na juzuu mbili zilizochakaa, na hizo kweli zilistahili kuzikwa. Chini yake palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilimchukua siku sita, pamoja na bibi yake na yule fundi wa khati. Ilikuwa ni hati ya wakfu. Mama wa bibi yake, kwa jina lake mwenyewe na mashahidi wanne, aliweka wakfu kisima kilicho nyuma ya nyumba, watu wote wa mtaa wachote humo, bila ya malipo, mpaka siku ya kiama. Kisima kile kipo. Kimezungushiwa ukuta miaka mingi, na jamaa walikihesabu kuwa ni mali yao, wala hawakuwa na habari nyingine.

Wasomaji wanajua uzito wa wakfu. Kitu kikisha kuwekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Jamaa wale si wadhalimu. Ni watu wa sala, nao walipigwa na butwaa. Lau karatasi ile ingalizikwa Ijumaa ile, sadaka ya mama yule ingalikatika, na watoto wake wangalizidi kula haki ya jirani pasipo kujua. Jambo lenyewe limepelekwa kwa kadhi, nami sina la kusema zaidi juu yake. Mjomba alilia, kisha akalichukua furushi lote akalifungua upya nyumbani kwake, karatasi moja moja.

Bango la msichana huyo lilikuwa na pambizo la maua kwa namna ya misahafu ya Siyu, jeusi na jekundu na la manjano, ambalo alilitazama katika picha tuliyompa, na katikati palikuwa na weupe mtupu na maneno manne: "Kabla ya kuzika, soma." Yule mama mwalimu wa kuchora aliona kwamba mistari ya pambizo haikulingana. Ni kweli, haikulingana.

Liko bango lililoshinda mabango yote kwa uzuri. Mchoraji wake ana mkono ambao Mwenyezi Mungu amemjaalia, na ningependa kuliona likitundikwa popote. Lakini alipoitwa kusoma karatasi yake hakuweza hata mstari wa kwanza. Alikuwa amezitazama herufi kama mtu atazamavyo mawingu. Tulimpa nafasi ya tatu. Baba yake alinijia baada ya Isha, akasema kwa adabu lakini kwa uchungu kwamba haya yalitangazwa kuwa mashindano ya kuchora, na mwanawe ndiye aliyechora kuliko wote. Nilimjibu kwamba bango la kuwaita watu waje kusoma, likichorwa na asiyesoma, ni kama adhana ya mtu asiyeingia msikitini. Hakuridhika, nami sikubadili. Ama kijana mwenyewe, sasa huja kila wiki kujifunza, na nadhani mwaka huu atawasumbua wenzake.

Yuko mzazi mwingine aliyesema kwamba kuchora kunawapotezea watoto muda wa kuhifadhi. Sikubaliani naye. Sura ya kwanza kumshukia Mtume wetu (s.a.w.) inataja kusoma na inataja kalamu, na watoto hawa, kwa majuma matano, walishika vyote viwili, tena wakiwa wamekaa miguuni pa mabibi zao, mahali ambapo siku hizi huwaoni ila simu ikiisha chaji.

Wengine wameniambia, ya nini taabu yote, pigeni picha kila kitu kisha mwache. Kupiga picha ni kuzuri na sisi tumepiga, kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila ya kuwasha taa ya simu. Lakini tusiitegemee picha peke yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 wahalifu wa intaneti waliishambulia British Library ya London, maktaba kubwa kama ile, na kwa miezi mingi watu hawakuweza kuyafikia mengi yaliyowekwa humo, zikiwamo picha za nyaraka zilizokusanywa kutoka nchi za mbali. Karatasi yenyewe ya Lamu ilikuwa Lamu. Kwa hiyo karatasi itunzwe: isigundishwe kwa utepe wa plastiki, isikandamizwe ndani ya nailoni kwa moto kama kitambulisho, isiwekwe ukutani penye jua, wala katika sanduku linalogusa sakafu wakati wa masika. Ifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, na juu yake liandikwe kwa herufi zinazosomwa na kila mtu wa nyumba ile, ni kitu gani na cha nani.

Mashindano ya mwaka huu yatakuwa Mfunguo Mosi vilevile, inshallah. Kwa sasa tumeweka kila Alhamisi baada ya Alasiri kuyasoma makaratasi yatakayoletwa na watu wa mtaa, na wazee wawili wanaoijua khati ya zamani wamekubali kukaa pamoja na wanafunzi. Aletaye haachi karatasi yake. Hukaa nayo mkononi mpaka isomwe, kisha hurudi nayo nyumbani.